Ukurasa wa Kila Jumapili

Tulianza watatu: wawili Bukoba mjini, mmoja Muleba. Tulikubaliana kuandika tafakari ya ukurasa mmoja kila juma, kuitoa kopi na kuigawa baada ya Misa. Hatukuwa wa kwanza. Jimbo la Bukoba lilikuwa na gazeti la Kihaya, Rumuli, na jina hilo, maana yake mwenge, lilitutia kiburi kidogo. Tulijiona tumepokezwa.

Jumapili ya kwanza kopi 40 ziliishia mlangoni. Ya tatu tulizikuta zimeachwa kwenye mabenchi. Msimu wa senene ulipofika tuliyaona maneno yetu sokoni, yamefungia senene wa kukaanga. Tulicheka, ingawa kila mmoja alirudi nyumbani ameumia. Kumbe tulikuwa tukisubiri kusifiwa.

Tukaweka kanuni: Alhamisi jioni mwenye zamu awe amemaliza, hata kama maandishi yake ni dhaifu, na tafakari mbili zikae akiba daima. Hilo tulilijua tangu utotoni. Hakuna anayetandaza nyasi kibanja kizima kwa siku moja, na mche wa kahawa unausubiri miaka kama mitatu. Kanuni ilitubeba miezi mitano.

Kisha mwenzetu wa Muleba akakosa zamu. Akakosa tena. Akiba ikaisha. Tulimwandikia ujumbe tunaouonea aibu hadi leo: tulimkumbusha ahadi aliyoiweka mbele ya Mungu, tukamtajia mtumishi mvivu aliyefukia talanta. Hakujibu. Jumamosi tukapanda basi kumfuata, maneno makali tunayo tayari.

Tulimkuta wodini, ameketi sakafuni kando ya kitanda cha mama yake. Ilikuwa wiki ya tatu. Hakutuambia, alisema, kwa sababu kila ujumbe wetu uliulizia ukurasa tu.

Jumapili ile hatukugawa kitu. Tulipokezana kumnywesha mama uji, na usiku mmoja wetu akabaki ili binti apate kulala. Bukoba, mzee mmoja wa jumuiya yetu alipiga simu kuuliza karatasi iko wapi. Alikuwa akiisoma kila juma, na sisi hatukujua.

Ukurasa uliofuata ulichelewa siku tatu. Aliuandika yeye wa Muleba, kwa penseli, nyuma ya karatasi ya dawa.

Siku hizi Alhamisi jioni tunapigiana simu. Kwanza tunauliza mama ameshindaje.