Dodoki

Mjukuu wangu alipoletwa Maneromango kutoka Dar es Salaam alikuwa na miezi sita. Mashavu yalikuwa yamekauka na kupasuka, na kwenye mikunjo ya viwiko na magoti ngozi ilitoa maji. Usiku alijikuna hadi shuka likapata damu. Mjini walikwisha kuwaambia wazazi wake kuwa ni pumu ya ngozi. Majirani walikuwa na majina mengine, ambayo sitayaandika hapa. Mimi niliona ni uchafu tu.

Basi kila asubuhi nilimwogesha mwenyewe, kwa sabuni ya kufulia na dodoki, nikisugua mpaka magamba yatoke. Mama yake alisema, "Baba, taratibu." Nikamjibu kwamba hata yeye nilimkuza hivyohivyo.

Nyumbani kwetu karanga hazikosekani. Bibi yake alizitwanga kwa ajili ya kisamvu, akafuta mikono kwenye kanga, akambeba mtoto. Miezi minane baadaye mtoto akaonjeshwa kisamvu cha karanga kwa mara ya kwanza. Hazikupita dakika kumi, midomo ikavimba, vipele vikatapakaa mwilini na pumzi ikaanza kukoroma. Pikipiki ilitufikisha zahanati, akachomwa sindano, akapona. Safari ile sitaisahau.

Daktari aliyetuona baadaye alisomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC. Alituchorea ngozi kwenye karatasi. Ndani yake, alisema, wapo walinzi: seli zenye mikono mirefu kama matawi. Hunyoosha mikono hiyo kuelekea juu, hudaka kitu kigeni, kisha husafiri nacho hadi kwenye tezi na kuzionyesha chembe nyeupe za damu. Ngozi ikiwa nzima, mara nyingi habari huishia kwa amani. Lakini ngozi iliyochubuka hupiga kelele za hatari, na walinzi huipeleka karanga kama adui. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake, ukangoja. Karanga ile ile ingeanzia tumboni, huenda mwili ungeizoea. Mwaka 2015 watafiti wa London walionyesha kwamba watoto wachanga wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai, waliolishwa karanga mapema, walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko walionyimwa.

Walinzi hao waligunduliwa mwaka 1868 na Paul Langerhans, mwanafunzi wa udaktari huko Berlin, mji uleule walikotumwa wamisionari wa kwanza wa Maneromango. Yeye alidhani ni mishipa ya fahamu. Kosa lake halikumwumiza mtu.

Mke wangu alianza kulia. "Nimemtilia mtoto sumu kwa mikono yangu."

Daktari akauliza mtoto anaogeshwaje. Nilimweleza. Akaacha kuandika. Kisha akasema kwa upole kwamba wapo wanaorithi ngozi dhaifu, na huenda mzio ungekuja hata bila dodoki. Nilimshukuru, lakini nilikuwa nimeiona kalamu ikisimama.

Siku hizi namwogesha kwa maji ya vuguvugu, kwa kiganja tu, na kabla hajakauka sawasawa nampaka mafuta mazito yasiyo na manukato. Kisamvu kinapikwa kwa nazi tupu. Nimemweleza bibi yake mara mbili kwamba aliyebomoa ua ni mimi. Mara zote mbili ameniambia niache kumfariji.