Milioni Moja kwa Rangi ya Makabati?

Kama hujawahi kuuliza bei ya kupakiwa rangi makabati ya jikoni, vuta kiti kwanza. Mimi nilitajiwa nikiwa nimesimama, na nakwambia ilibidi nishike sinki. Milioni moja na laki mbili! Wala si kutengeneza makabati mapya, la hasha. Ni kuyapaka rangi haya haya yaliyoko ukutani.

Niliporudisha habari kwa mume wangu jioni ile, aliweka kijiko chini. "Milioni na laki mbili kwa rangi? Kwani wanapaka Ikulu?"

Nikacheka, maana ilichekesha. Ila mwezi ule ule alikuwa amebadilisha matairi manne ya gari kwa hela inayokaribia hiyo, na hakuomba hata punguzo la soda. Kwa hiyo nilijua toka mwanzo kwamba tatizo lake si hela.

Ngoja niwaeleze hali halisi. Makabati yetu ni ya mninga, yalitengenezwa Keko mwaka 2010, milango 14 na droo 5, yakapigwa vanishi ile nyeusi nyeusi iliyokuwa fasheni miaka ile. Mbao ni nzima kabisa, mninga hauna mchezo. Lakini vanishi ilikuwa imebabuka upande wa jiko la gesi, chini ya sinki imefanya weupe kama ukurutu, na jiko lenyewe lina dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Saa sita mchana nawasha taa kukata vitunguu. Nilitaka mwanga, basi.

Sasa la pili. Makabati hayo sikuyachagua mimi. Mume wangu alikuwa mgane nilipokutana naye. Marehemu mke wake ndiye aliyekwenda Keko kusimama juu ya kichwa cha fundi mpaka yakakamilika, kisha akayatumia miaka saba, akafariki mwaka 2017 na kumwacha mume na binti wa miaka tisa. Mimi niliolewa 2020. Mwanamke anayeingia kwenye nyumba ya namna hiyo anajifunza kuuliza kabla ya kuhamisha hata chupa ya chai. Wifi yangu mmoja, aliposikia tu habari za rangi, alimwambia jirani, na jirani hakukawia kuniletea: "Ameanza kufuta."

Neno hilo lilinikaa kooni wiki nzima.

Lakini turudi kwenye bei, maana najua wengi wenu ndiyo mnayoitaka. Nilitafuta mafundi watatu. Wa kwanza alikuwa wa mtaani, kijana mchangamfu, akatazama jiko dakika mbili na kusema, "Mama nipe laki moja na themanini, kesho kutwa unapika." Nikamuuliza atapiga msasa? Akanijibu rangi za siku hizi zinashika zenyewe. Hapo nikamshukuru na kumpa maji ya kunywa, akaondoka. Jirani yangu wa nyumba ya tatu alipakiwa makabati yake hivyo hivyo, juu ya vanishi inayoteleza na mafuta ya kukaangia ya miaka mingi. Haikupita miezi mitatu rangi ikawa inavuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Anafuta kwa kitambaa, rangi inabaki kwenye kitambaa.

Wa pili walikuwa kampuni, ndio hao wa milioni na laki mbili, vifaa juu yao. Walikuja na tepu ya kupimia, wakahesabu kila mlango, wakaandika. Nilichopenda ni kwamba walisema wazi bei hiyo ni ya nje na mgongo wa milango tu. Ukitaka na ndani ya makabati, laki tatu na nusu zaidi. Swali hilo kila mtu aulize mapema, maana mafundi wengi wanahesabu nje tu, wewe kichwani umehesabu mpaka ndani, na ugomvi unaanzia hapo.

Wa tatu ni fundi wa samani wa Keko, mtu mzima, mpole, anayepulizia rangi kwa kompresa. Alisema ufundi laki tano na nusu, vifaa tununue wenyewe, milango aichukue akaifanyie karakanani.

Nikamuuliza, sasa baba, hela yote hii ni ya nini wakati rangi yenyewe galoni moja? Maana nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Lita moja ya rangi inafunika kama mita za mraba kumi kwa mkono mmoja. Milango yangu yote pande mbili pamoja na droo na fremu haizidi kumi na mbili. Mikono miwili ya rangi, galoni ya lita nne inatosha na chenji inabaki. Yeye akatabasamu. "Mama, rangi ni siku moja. Kazi ni kabla ya rangi."

Na ni kweli, niliiona. Kwanza kufungua kila mlango, kutoa bawaba na vishikio na kuandika namba nyuma ili kila mmoja urudi mahali pake. Halafu kuosha mafuta, maana msasa ukipita juu ya mafuta unayasukumia ndani ya mbao. Halafu msasa mkavu, wa kukwaruza kwanza, kisha laini. Halafu puti kwenye matundu, ikauke, msasa tena. Halafu praima, na hapo fundi alisisitiza sana, kwa sababu mninga una wekundu wake na ukiupaka rangi nyeupe bila praima nzuri wekundu ule unapanda juu taratibu, unabaki na madoa kama ya chai. Praima ikikauka, msasa mwepesi tena. Ndipo rangi mkono wa kwanza, kusubiri, msasa wa kubembeleza, mkono wa pili. Hesabu mwenyewe siku hizo kwa milango 14, pande mbili, na upande mmoja lazima ukauke ndipo ugeuze wa pili. Yule kijana wa kesho kutwa unapika angeyafanya lini haya?

Alinishauri pia niachane na nyeupe kabisa. Rangi ya mafuta nyeupe inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwenye chumba chenye mwanga hafifu kama jiko langu. Zipo rangi za maji za mbao ambazo hazigeuki hivyo, ila mkono wake yeye ulikuwa umezoea za mafuta, nami sikutaka ajifunzie kwangu. Tukakubaliana krimu.

Na hapa niseme jambo moja kwa wenye watoto wadogo. Yangu ilikuwa vanishi, lakini kama makabati yako yana rangi ya zamani sana, usikubali yapigwe msasa mkavu ndani ya nyumba huku mtoto anatambaa. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Hiyo peke yake ilinitosha kukubali gharama ya kupeleka milango Keko, maana tuna kidume cha mwaka mmoja na nusu kinachoweka kila kitu mdomoni.

Haya. Bei nilikuwa nayo, fundi nilikuwa naye, mume ndiyo sikuwa naye. Kila nikigusia anasema tuone mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika, tuone ujao. Usiku mmoja, watoto wamelala, nikamwambia, "Baba, kama ni hela tuseme hela. Kama si hela, pia tuseme."

Alikaa kimya muda mrefu. Akanyanyuka, akaenda jikoni, mimi nyuma yake. Akafungua mlango wa kabati la juu, kushoto mwa sinki.

Upande wa ndani wa mlango ule, kwa kalamu ya bluu, kuna maandishi ya marehemu. Juu kabisa namba ya mita ya LUKU. Chini yake: maandazi, ngano kilo 1, sukari robo, hamira kijiko kimoja kikubwa, nazi moja, hiliki. Halafu safu ya tarehe za kubadilisha mtungi wa gesi, mwaka 2017. Tarehe 11/2, tarehe 20/3, tarehe 2/5. Hapo zinaishia.

"Nikikubali rangi," alisema, "nimekubali na hii."

Nikamwambia, mume wangu, mlango huu naufungua kila nikinunua umeme. Namba hiyo sijaihifadhi kwenye simu mpaka leo, naisoma hapo. Maandazi unayokula Jumapili unadhani vipimo ni vya nani? Akanitazama kama mtu aliyeambiwa deni lake limelipwa na mtu mwingine. Hakujua. Alidhani siku zote mimi nageuza uso.

Hatukulia wala nini, msitarajie sinema. Tulikaa palepale jikoni kwenye vile vistuli tukaongea mpaka saa nane usiku, mambo ambayo katika miaka mitatu ya ndoa hatukuwahi kuyagusa: anamwota, na akiamka anajisikia vibaya kwangu, mimi naogopa kuingia chumba cha juu kwenye mafaili yake. Jirani anayeniletea maneno ya wifi alitajwa pia, naye tukammaliza kwa kicheko.

Asubuhi nikamuuliza binti yetu, maana na yeye ana haki, tena kubwa kuliko yetu. Alikuwa na miaka kumi na tano, wakati ule tulivyokuwa 2023. Nilijiandaa kwa lolote. Akasema, "Ma'mdogo, mimi hilo jiko silipendi, linatisha usiku. Pakeni. Ila ule mlango wa maandishi usitoke nje ya nyumba."

Kwa hiyo milango 13 ilipanda kirikuu kwenda Keko, na mmoja ukabaki. Fundi hakuuliza maswali mengi. Alisema tu kwamba huo ataufanyia hapa kwa brashi, uso wa nje peke yake, hivyo utakuwa tofauti na wenzake, na tusije kumlaumu. Alikuja Jumamosi, akaziba upande wa ndani kwa karatasi na tepu, akaufanyia kibarazani taratibu kama anapaka mtoto mafuta. Binti alikaa naye muda wote. Nauli na usumbufu, elfu ishirini juu.

Mchanganuo huu hapa, kwa wanaopenda kuandika. Ufundi 550,000. Vifaa 207,000: rangi galoni moja 72,000, praima 60,000, thina 28,000, msasa 21,000, puti 12,000, tepu na nailoni 14,000. Kirikuu kwenda na kurudi 50,000. Vishikio vipya 19 kwa 4,000 kila kimoja, 76,000, na bawaba sita zilizokuwa zimechoka 15,000. Ongeza ile elfu ishirini. Jumla 918,000. Chipsi mayai za siku kumi sikuzihesabu kwa ajili ya amani yangu. Makabati mapya ya mninga tuliambiwa yasingepungua milioni nne na nusu. Lakini kama yako ni ya mbao za kubandika na yameumuka kwa maji chini ya sinki, usipoteze hela ya rangi. Kilichoumuka hakirudi.

Ufundi tulilipa kwa vipande: 250,000 kuanza, 200,000 milango iliporudi, na 100,000 baada ya wiki mbili za kuyatumia. Rangi inakauka mkononi kwa siku moja, ila inakomaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mwezi mzima hakuna steelwire, kitambaa laini tu. Mlango mmoja ulikuwa umebaki na chembe za vumbi, tukamwonyesha, akaurudia bila kununa. Fundi anayedai laki yake hanuni.

Wifi alikuja Pasaka. Akazunguka jiko mikono nyuma, kama mkaguzi. Jiko linang'aa, taa imezimwa, saa saba mchana. Akasimama mbele ya kabati la kushoto.

"Huu mbona una alama za brashi? Fundi kawaibia hapa."

Akaufungua. Akasoma, midomo ikitembea, mpaka chini kwenye tarehe za gesi. Nikaendelea kuosha bilauri. Baada ya muda akaufunga kwa vidole viwili, akavuta kistuli, akakaa.

"Huyo fundi kachukua kiasi gani vile?"

Nikamtajia. Akasema na yeye ana makabati yake Mbagala, milango tisa, nimwombee na punguzo.