Harufu ya Msaji

Sogea hapa barazani, chai ya tangawizi ingali moto. Jana nilipita Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, nikainama mbele ya mlango mmoja wa zamani kunusa mbao. Nilisikia vanishi tu. Zamani ungesikia msaji: harufu ya mafuta, kama ngozi mpya ya kiatu.

Udogoni mwetu asubuhi ilianza na sauti ya Mistri. Ko-ko-ko, kisha fuu! akipuliza takataka za mbao. Mistri ndilo jina ambalo Wagujarati humwitia fundi seremala, nasi watoto alitutaka tumwite Kaka. Bibi aliposikia nusura anichape: "Mzee mwenye mvi zile unamwita kaka?" Mistri alicheka mpaka akakohoa. Kwao, kaka ni ndugu wa baba. Kwetu ni ami. Tangu hapo kila Ijumaa bibi alinituma nimpelekee vitumbua.

Alizaliwa Ahmedabad, India, katika ukoo wa Suthar, watu wanaorithishana useremala baba kwa mwana. Mkono ukichonga, mdomo ukihadithia: vichochoro vya kwao viitwavyo pol, nyumba zilizobanana, nguzo za roshani zenye kasuku na mayungiyungi. Hata ndege walijengewa kibanda cha nakshi juu ya nguzo, chabutro, wadonoe nafaka kwa raha. Siku moja kwa mwaka hakufanya kazi. Alizipanga patasi zake, akaziwekea maua kwa heshima ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Randa yake aliiita randho, nasi tukabishana nani kamwibia mwenzake neno.

Msaji ulikuja na majahazi ya kaskazi. Aliupenda kwa kuwa una mafuta yake ndani, mchwa hawautaki. Kwanza alichora ua kwa penseli, akalizungushia patasi nyembamba, akachimba pembeni mpaka ua likainuka, ndipo akaliviringa petali moja moja. Milango yake ya maduka ilikuwa ya miraba midogo midogo, ikikunjwa duka zima linakuwa wazi. Miba ya shaba milangoni, alituambia, kwao ilizuia tembo wasisukume milango ya ngome. Wiki nzima tulichungulia njia ya Darajani, tukingoja tembo.

Baada ya mapinduzi ya 1964 maduka mengi ya majirani yalifungwa, na Mistri naye akapanda meli. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1881 Mmarekani Lockwood de Forest na Muggunbhai Hutheesing walifungua karakana ya nakshi Ahmedabad, kazi yake ikapamba nyumba za Marekani. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, Ahmedabad mwaka 2017. Nilifurahi. Lakini huko nako, nasikia, nguzo za nyumba kuukuu hung'olewa zikauzwa moja moja, na watoto wa mafundi wanatafuta kazi nyingine. Nani awalaumu? Ua moja lilimlia Mistri siku nzima.

Ule mlango wa Mkunazini ni wake. Chini kabisa, upande wa kushoto, kuna ua lililopinda: nililichonga mimi, nikiwa na miaka tisa. Sikuthubutu kumtazama usoni. Hakulirekebisha. Alisema mlango utafunguliwa miaka mia, ua litazoea.

Jana mtoto mmoja aliniona nimeinama. "Shikamoo babu. Umeangusha nini?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya ua.