Hesabu Iliyofichwa Mchangani

Watoto wengi huiogopa hesabu, wala si kwa uvivu. Mwalimu huandika namba ubaoni, watoto huzikariri kama kasuku, na mtihani ukiisha namba nazo hutoroka. Mtoto aliyeshindwa mara mbili tatu hujiona mjinga, akasadiki kwamba elimu hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wengine. Hasara yake ni kubwa, maana asiyejua hesabu hupunjwa kwenye mizani maisha yake yote.

Dawa mojawapo imo katika sanaa za wazee. Wachokwe wa Angola walikuwa na desturi ya kuchora mchangani michoro iitwayo sona. Mzee alisawazisha mchanga, akatia nukta kwa ncha za vidole, safu kwa safu, zenye nafasi sawasawa. Kisha, huku akisimulia hadithi, alivuta mstari kuzizunguka nukta zote bila kuinua kidole. Aliyesitasita alichekwa.

Paulus Gerdes, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1952 na kufundisha hisabati Msumbiji kuanzia miaka ya 1970, aliichunguza michoro hiyo mpaka alipofariki mwaka 2014, akaona kwamba ni hazina ya mwalimu.

Hebu watoto wajaribu mchoro mmoja ulio mfano wa mkeka. Watie safu 3, zenye nukta 4 kila moja. Mstari upite mshazari katikati ya nukta, na ufikapo ukingoni ugeuke kama mpira uliogonga ukuta. Mstari mmoja utazimaliza nukta zote na kurudi ulikoanza. Sasa watie safu 4 zenye nukta 6 kila moja: mstari mmoja hautoshi, utahitajika wa pili. Safu 3 zenye nukta 6 zataka mistari 3. Kwa sababu gani? Mtoto na aachwe afikiri mwenyewe. Mwisho ataona kwamba idadi ya mistari ni ile namba kubwa kupita zote iwezayo kuzigawanya zote mbili bila baki: kwa 3 na 4 ni 1, kwa 4 na 6 ni 2, kwa 3 na 6 ni 3. Kanuni aliyoivumbua kwa kidole chake haisahau upesi.

Wako watakaosema kwamba huo ni mchezo wa kupoteza wakati. Kweli, jedwali la kuzidisha halina budi kukaririwa, na mchoro hauwezi kushika mahali pake. Lakini mtoto hukariri kwa moyo jambo ambalo amekwisha kuona maana yake.

Basi mzazi asiyesoma asijidharau. Bibi asukaye mkeka huhesabu kila ukindu. Akikosea mmoja, ua lote hupotoka. Mjukuu na aketi karibu naye, wahesabu pamoja. Na shule isiyo na fedha za vitabu vya kutosha isikate tamaa, kwani mchanga na kidole havinunuliwi.