Panya Alikimbia Saa Ngapi?

Juzi kijana wa uzamili alinionyesha majedwali yake: maelfu ya jeni za misuli, ini na mafuta ya panya waliofanyishwa mazoezi. Nikamuuliza walikimbia saa ngapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kabila la panya.

"Mwalimu, hilo halimo kwenye data."

Halimo! Mimi kazi hii nilifundishwa Marekani, na mwalimu wangu wa kwanza hakuwa profesa, alikuwa mtunza panya. Koti la mzee yule lilinuka maranda ya mbao na mkojo, hata ukipanda lifti baada yake ulijua zamu imeanza. Alikataza manukato. Alikataza kubadilisha maranda siku ya kipimo. Panya akishtuka, alisema, ini humwaga sukari, nawe utaandika kwamba ni mazoezi. Panya ni wa usiku: mwachie gurudumu gizani, atakimbia kilomita kadhaa bila kushurutishwa. Mkimbize mchana, unapima na usingizi uliokatizwa. Hata ubaridi ulimkera mzee. Vyumba vya maabara huwa na nyuzi 22 hivi, ilhali panya hustarehe karibu na 30. Kwa hiyo mafuta yake ya kahawia yanachapa kazi ya kumpasha joto kabla hajapiga hatua.

Msahafu wetu ulikuwa makala ya John Holloszy wa St. Louis. Nimekagua mwaka, ni 1967, ingawa mwaka si hoja. Hoja ni kwamba panya wakubwa (rat) waliozoezwa kukimbia, uwezo wa mitokondria za misuli yao ulipanda maradufu. Na kwa kuwa kila nyama hujibu mazoezi kivyake, tukafunzwa kutozichanganya: msuli mwekundu peke yake, mweupe peke yake, ini peke yake, kila kipande kikitumbukizwa upesi katika nitrojeni kimiminika, maana kemia yake haisubiri mtu.

Baadaye mambo yakaenda mbio: PGC-1 alfa, protini inayochochea utengenezaji wa mitokondria, 1998; irisini, homoni inayotolewa na misuli, 2012; ramani ya mabadiliko ya mazoezi katika tishu 19 za panya wakubwa, 2024. Sibezi, tumejua misuli huongea na ini, mafuta na ubongo. Lakini 2019 jarida kubwa lilipochapisha kwamba msuli wa panya hujibu mazoezi tofauti kulingana na saa, wengi walishangaa. Mzee wa koti asingeshangaa.

Vijana, kompyuta zenu zina nguvu kuliko zetu. Ila kabla ya jina la jeni, andikeni saa, joto la chumba na mlo wa mwisho. Bila hayo, jedwali lenu halisomeki.