Tegu wa samaki mbichi

Tegu wa nyama ya nguruwe tunamjua sote. Lakini sisi masista watatu tulipokaa Lima, mji mkuu wa Peru, tulijifunza kwamba samaki wa bahari naye ana tegu wake.

Wenyeji walitupokea vizuri sana. Walitutengenezea cebiche, yaani samaki mbichi aliyekatwa vipande, akatiwa ndimu, vitunguu, chumvi na pilipili. Nyama yake hugeuka nyeupe kana kwamba imepikwa. Tukala, tukashukuru.

Baada ya miezi michache mmoja wetu akaona chooni kitu kama utepe mweupe. Akanyamaza kwa haya. Tumbo likamsumbua wiki nyingi, naye akazidi kuficha. Kumbe aibu ilimtesa kuliko mdudu! Mwishowe akatuambia, tukaenda pamoja kwa daktari. Daktari akatabasamu, akasema: «Tegu huyu ni wa simba wa bahari, samaki ndiye anayemleta kwa watu.» Akampa dawa ya prazikwanteli mara moja tu, naye akapona.

Basi tujue hivi: ndimu hubadili rangi ya samaki, lakini haimwui mdudu. Moto humwua, hata baridi kali ya digrii 20 chini ya sifuri, kwa siku 7, humwua.

Cebiche hatukuiacha. Tuliwaomba wenyeji wagandishe samaki kwanza, wala hawakuchukizwa. Nawe, ndugu, ukiona mnyoo usifiche. Ugonjwa si dhambi. Anayeusema mapema hupona mapema.