Ukuta mrefu haumfundishi mtoto njia

Mzazi anayefunga geti mapema na kuhesabu watoto mara mbili ana mwenzake katika riwaya. Ni Jenerali Matsika, mkuu wa usalama wa Zimbabwe mwaka 2194, katika kitabu cha vijana kiitwacho The Ear, the Eye and the Arm. Kiliandikwa na Nancy Farmer, Mmarekani aliyewahi kuishi Msumbiji na Zimbabwe, kikatoka mwaka 1994.

Jenerali ana maadui. Kwa hiyo wanawe watatu, Tendai mwenye miaka 13, Rita miaka 11 na Kuda miaka minne, wanalelewa ndani ya ukuta wakihudumiwa na maroboti. Hawakosi kitu, isipokuwa kuujua mji wao. Siku wanayotoka peke yao kutafuta beji ya skauti, hawafiki mbali. Wanatekwa na kupelekwa kwenye jalala la kale, ambako watu hufukua plastiki zilizotupwa zamani. Wazazi wanawaajiri wapelelezi watatu wenye vipaji vya ajabu: mmoja husikia kupita kiasi, mwingine huona mbali, wa tatu huhisi yaliyo moyoni mwa mtu. Vipaji hivyo vilitokana na maji yaliyochafuliwa na nyuklia.

Mama mmoja alikisoma na mwanawe wa darasa la saba, kurasa chache kila usiku, akimfafanulia Kiingereza kigumu. Alitumaini mtoto angejionea mwenyewe yanayompata anayetoka ovyo. Lakini mtoto akauliza: "Mama, mbona baba yao hakuwahi kuwaonyesha njia?"

Mama alikaa kimya. Mwanawe alikuwa hajawahi kupanda daladala peke yake. Hata namba yake ya simu hakuijua kwa kichwa.

Hofu ya mama huyo si ya bure, na kitabu nacho hakimcheki jenerali. Hatari aliyoiogopa ilikuwepo kweli. Tatizo ni kwamba aliwakinga watoto bila kuwaandaa. Huko nje, bila mlinzi, ndiko vipawa vyao vinakojitokeza. Tendai, aliyejiona mwoga, anawaongoza wadogo zake. Rita, ambaye ulimi wake nyumbani uliwachosha wengi, anautumia kumtetea mtoto mchanga aliyezaliwa pacha katika kijiji kinachoshika mila za kale.

Mtoto wa kwetu hahitaji kutekwa ndipo akomae. Anaweza kuanza na dogo: kushika namba mbili za simu kichwani, kwenda dukani na kurudi na chenji kamili, kujua jina la kituo cha nyumbani, kujua aombe msaada kwa nani akipotea.

Mama yule alianza Jumamosi iliyofuata. Alimkabidhi mwanawe nauli za watu wawili, akamwambia leo yeye ndiye kiongozi wa safari. Kisha akakaa siti ya nyuma, mdomo kaufunga, akihesabu vituo.